Nani Apangaye Mshahara wa Diwani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu la Eastlands, na kupigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Twajua kwamba wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mwaingia zamu ya usiku, kwa hiyo hatutawaweka sana. Halmashauri ya tawi ilitutaka tuzungumze juu ya jambo linalosemwa kila siku katika matatu na katika vibanda vya chai, toka Shauri Moyo mpaka Umoja, yaani mishahara ya hawa tunaowachagua kwenda kukaa City Hall. Husemwa kwa hasira, na hasira hiyo ina sababu zake. Lakini chama cha wafanyakazi hakiendi mezani na hasira peke yake. Huenda na hesabu. Na katika shauri hili, msisahau, mwajiri ni sisi.

Kwanza tuafikiane juu ya jina. Zamani aliitwa diwani, na wazee wa Kaloleni na Ziwani bado humwita hivyo. Tangu Machi 2013, Baraza la Jiji lilipokwisha na Kaunti ikaanza, jina lake kwa sheria ni Mwakilishi wa Wadi katika Bunge la Kaunti. Nairobi ina wadi 85, na kila wadi huchagua mmoja. Wako wengine wanaoingia kwa kuteuliwa na vyama, lakini leo tutawahesabu hawa 85 waliopigiwa kura. Tutawaita madiwani, kwa kuwa neno hili ni fupi na hapana mtu asiyelijua.

Basi yafaa tuanze na swali ambalo watu hulipita haraka: kwa nini diwani alipwe hata kidogo?

Jiji hili lilipopewa hati yake ya kifalme tarehe 30 Machi 1950, udiwani ulikuwa kazi ya heshima. Kwa desturi iliyoletwa kutoka Uingereza, mtu aliingia barazani bila mshahara. Maneno haya yapendeza masikioni: mtu awatumikia wenzake bure. Lakini fikirini, ni nani awezaye kufanya kazi bure? Ni mwenye duka, ambaye karani wake anauza wakati yeye yuko mkutanoni. Ni wakili. Ni mwenye shamba kubwa. Seremala wa Bahati hawezi, wala mfagiaji wa njia hawezi, kwa maana akikosa siku moja kazini, siku ile haimo katika bahasha ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo baraza likawa la wenye nafasi. Waafrika wachache waliokuwamo katika miaka ile waliingia kwa kuteuliwa. Mmoja wao, Ambrose Ofafa, aliuawa mwaka wa 1953. Jina lake mwalitaja kila mnaposema mwashuka Ofafa Jericho au Ofafa Maringo, na vijana wengi hawajui kwamba lilikuwa jina la diwani.

Wafanyakazi wa mji huu hawakuifurahia hati ile. Vyama vilivyoongozwa na Fred Kubai na Makhan Singh viliwataka watu wasiende kwenye sherehe zake. Mwezi wa Mei mwaka ule ule wote wawili wakakamatwa, na mgomo mkubwa ukafuata. Katika madai ya mgomo huo lilikuwamo hili, kwamba mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Mwaka uliofuata Tom Mboya aliingia kazini katika Halmashauri ya Jiji kama inspekta wa afya, akakuta Mwafrika wa kazi ile alipata sehemu ya tano tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Ndipo akawakusanya wenzake, na chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa kikazaliwa humo. Twayataja haya ili ijulikane kwamba kupanga mshahara, wa mkubwa au wa mdogo, hakukuwa kamwe jambo la kupima kazi kwa mizani. Kulitegemea ni nani aliyekaa mezani, na ni nani aliyeachwa nje kwenye baraza akingoja kuambiwa.

Wazee wa reli wa Muthurwa na Makongeni watapenda habari ifuatayo. Huko Uingereza, mwaka wa 1838, wafanyakazi waliandika hati yao wenyewe yenye madai sita. Moja katika hayo sita lilikuwa kwamba wabunge walipwe, ili fundi na mchimba makaa naye aweze kuwa mbunge. Matajiri walikataa miaka zaidi ya sabini. Katika muda huo vyama vya wafanyakazi vikawa vinachanga senti za wanachama na kuwalipa wabunge wao wenyewe. Halafu mtu mmoja, W. V. Osborne, mfanyakazi wa stesheni na katibu wa tawi katika chama cha watu wa reli, akakishtaki chama chake kwa kutoza michango hiyo. Desemba 1909 Baraza la Malodi likakata shauri kwamba chama hakina ruhusa ya kutumia fedha zake kwa kazi hiyo. Wabunge waliotoka karakana wakabaki bila chakula. Ikabidi serikali, mwaka wa 1911, ikate pauni 400 kwa mwaka kwa kila mbunge, awe lodi mdogo au mtu wa makaa.

Kwa hiyo mwenzenu akisimama katika matatu na kusema madiwani wasilipwe hata senti, mwambieni kwa upole kwamba anadai walichodai matajiri. Mshahara wa mwakilishi ni dai letu sisi, tena la zamani. Tukiuondoa, tutarudishiwa baraza la wenye nafasi, na watajilipa kwa njia nyingine: kwa viwanja, kwa zabuni, kwa vibanda vya soko. Ukweli ni kwamba mambo hayo yametendeka hata palipokuwa na malipo. Bila malipo yangekuwa halali kabisa machoni pa wenyewe.

Na liko jambo la pili la kukumbuka. Mwaka wa 1983 serikali ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi na kuweka Kamisheni ya watu walioteuliwa, iliyokaa mpaka uchaguzi wa 1992. Miaka ile hapakuwa na diwani wa kulipwa, wala hapakuwa na diwani wa kuulizwa. Waliokuwa wakikaa Jerusalem au Uhuru wakati ule wanaweza kutuambia kama waliona faida yoyote ya mishahara iliyookolewa.

Sasa tuingie katika sheria ya leo. Chini ya sheria ya zamani ya serikali za mitaa, Waziri ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya posho za madiwani. Diwani aliyejua ni nani akataye posho yake alijua pia ni nani wa kumpendeza. Katiba ya 2010 iliuvunja mpango huo. Kifungu cha 230 kiliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, na kuipa kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kupanga mishahara ya maofisa wa Dola: Rais, wabunge, majaji, magavana, na madiwani wetu wamo katika hesabu hiyo. Ya pili ni kushauri juu ya mishahara ya watumishi wengine wote wa umma. Angalieni maneno haya mawili, kupanga na kushauri. La diwani hupangwa. La mfagiaji wa kaunti hujadiliwa baina ya chama na mwajiri, halafu Tume hushauri. Mtu angedhani kwamba anayeshauriwa yuko huru zaidi. Lakini waalimu waliona mwaka wa 2015. Walikuwa wamepewa na korti nyongeza ya kutoka asilimia 50 hadi 60, na mwezi wa Novemba Korti ya Rufani ikaifuta, na moja ya sababu ni kwamba ushauri wa Tume haukufuatwa. Tangu hapo hapana mwajiri wa umma atakayetia sahihi mkataba wa pamoja bila barua ya Tume. Kwa hiyo sote, diwani na mfagiaji, twapita mlango mmoja, ila mmoja hupita kwa mbele na mwingine kwa uani.

Katiba imeiambia Tume iangalie mambo manne inapofanya kazi yake: kwamba nchi iweze kuyabeba malipo hayo, kwamba watu wenye ujuzi wavutwe na wakae, kwamba kazi iliyofanywa itambuliwe, na kwamba pawe na uwazi na haki. Ni maneno mazuri. Na ni nani waliomo katika Tume hiyo? Wamo waliopendekezwa na tume za Bunge, za mahakama, za waalimu, za polisi. Yuko wa waajiri. Yuko wa Seneti, kwa ajili ya kaunti. Na yuko mmoja anayependekezwa na muungano wa vyama vya wafanyakazi. Mmoja. Ofisi za muungano wetu ziko hapa hapa Digo Road, Gikomba, katika jengo la Solidarity. Mtu aweza kutembea kwa miguu kutoka ukumbi huu mpaka pale kabla chai haijapoa. Kiti hicho ni chetu kwa Katiba. Tutakirudia.

Sasa hesabu. Mpaka katikati ya 2017, diwani alipata Sh. 165,000 kwa mwezi. Kibarua wa kawaida katika Nairobi, kwa amri ya kima cha chini iliyokuwapo tangu 2015, alipata Sh. 10,954.70, bila kuhesabu posho ya nyumba. Yaani diwani mmoja alikuwa sawa na vibarua kumi na watano. Mei 2017 kibarua akaongezwa mpaka Sh. 12,926.55, na Julai mwaka huo Tume ikampunguza diwani mpaka Sh. 144,375, pengo likashuka mpaka mara kumi na moja. Mwaka wa 2023 Tume ilitangaza nyongeza mbili: Sh. 154,481 tangu Julai 2023, na Sh. 164,588 tangu Julai 2024. Kibarua naye akaongezwa asilimia 6 tangu Novemba 2024, akafika Sh. 16,113.75. Tukichukua ile nyongeza ya kwanza ya diwani na hii ya kibarua, pengo ni mara tisa na nusu hivi.

Wengine mnashangaa. Mlidhani pengo limekua, kumbe katika karatasi limepungua. Twasema katika karatasi, na hapo ndipo mnofu wa mazungumzo ya leo ulipo.

Lakini kabla hatujaugusa, pimeni jambo lingine. Mishahara ya madiwani 85 kwa Sh. 154,481 ni kama shilingi milioni 157 na nusu kwa mwaka. Bajeti ya Kaunti ya Nairobi kwa mwaka wa 2023/24 ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 42. Katika kila shilingi mia za Kaunti, mshahara wa madiwani tuliowachagua haufiki hata senti hamsini. Tunachokinunua kwa senti hizo ni macho: mtu wa kukaa katika kamati, kufungua vitabu, na kuuliza kwa nini bomba la maji taka limewekwa katika karatasi mwaka wa tatu huu na haliko katika ardhi. Diwani wa kulala ni ghali hata akifanya kazi bure. Diwani wa kuamka ni rahisi hata kwa mshahara ule. Kwa hiyo chama hakina ugomvi na kwamba analipwa, wala ugomvi wetu mkubwa si ile tarakimu ya kwanza. Ugomvi wetu ni juu ya zile tarakimu zinazoifuata nyuma.

Ya kwanza ni posho ya kikao. Diwani hupata mshahara wa mwezi, na juu yake hulipwa kwa kuketi katika kamati. Tume iliwahi kuweka kikomo cha Sh. 124,800 kwa mwezi, na baada ya 2017 kikomo kikawa Sh. 80,000. Msimamizi wa Bajeti katika taarifa zake huandika kaunti kwa kaunti ni kiasi gani kilicholipwa. Diwani atakayefikia kikomo hicho huongeza zaidi ya nusu ya mshahara wake; ile mara tisa na nusu yawa mara kumi na nne na nusu. Sasa sisi twauliza kama watu wa kazi. Dereva wa lori la takataka hulipwa mshahara kwa kuendesha. Je, hulipwa tena posho ya kushika usukani? Kuketi katika kamati ndiyo kazi ya diwani. Kama mshahara ni wa kitu kingine, basi tuambiwe kitu hicho ni nini. Tena posho hii ina tabia mbaya: yafuata idadi ya vikao, haifuati mashauri yaliyokatwa. Shauri la saa moja laweza kugawanywa vikao vinne, na kikao cha nne kikaahirishwa. Waliokuwa wakilipwa kwa kipande bandarini na katika mashamba ya kahawa wanaijua tabia hiyo. Lakini huko nyapara alihesabu magunia.

Ya pili ni safari. Hatutasema mengi, kwa maana magazeti yamekwisha kusema. Taarifa za bajeti zimelalamika mara nyingi juu ya fedha ambazo mabunge ya kaunti hutumia kwa safari za ndani na za ng'ambo. Mtu wa kwenda kujifunza kuzoa taka na aanzie Dandora, ambako nauli si kubwa.

Ya tatu ni gari, na hii twataka ikae vichwani mwenu. Mwanzoni mwa 2021 palikuwa na mswada wa kubadili Katiba, ule ulioitwa BBI, na ulihitaji kupitishwa na mabunge ya kaunti yasiyopungua 24. Rais wa wakati ule aliwaahidi madiwani wa nchi nzima ruzuku ya gari. Mwezi wa Februari Tume ikakubali: mkopo wa gari wa Sh. milioni 2 ukageuzwa kuwa zawadi isiyorudishwa. Mwezi huo huo mabunge yakapiga kura, na mengi yakaupitisha mswada. Korti baadaye ziliukataa, mpaka Korti ya Juu ikaufunga mlango Machi 2022.

Sasa wekeni kando yake karatasi nyingine. Kima cha chini cha kibarua wa Nairobi kilikaa pale pale, Sh. 13,572.90, toka Mei 2018 mpaka Mei 2022. Miaka minne bila senti ya kuongezwa, na katikati yake corona, watu wakipunguzwa kazini na wengine wakikatwa nusu mshahara. Kwa kima kile, Sh. milioni 2 ni mshahara wa miaka kumi na miwili na miezi mitatu. Wakubwa waliambia kibarua kwamba uchumi haubebi. Kwa gari ukabeba, katika muda wa majuma machache. Hatusemi kwamba kila diwani aliuza kura yake. Wako waliokuwa wakiutaka mswada kwa moyo, na wako walioukataa. Twasema kwamba Tume iliyoundwa ili isitikiswe na wanasiasa ilitoa kibali hicho siku zile zile walipokihitaji, na kiti cha wafanyakazi kilikuwamo katika Tume hiyo.

Wala madiwani si wageni wa kusukuma. Mabunge ya kaunti yalipoanza mwaka wa 2013, wawakilishi katika kaunti nyingi waligoma kuketi mpaka waongezwe, na baadaye wakaongezwa. Sisi hatuwezi kumlaumu mtu kwa kugoma. Ila mfanyakazi akitaka kugoma, sheria ya uhusiano wa kazi ya 2007 yamtaka atoe notisi ya siku saba kwa maandishi, na akikosea koma moja katika notisi hiyo, korti yamrudisha kazini kabla ya saa sita mchana.

Ni haki kuwapa nao nafasi ya kujitetea, maana baadhi yao ni watoto wetu na mmoja au wawili walikuwa wanachama wa chama hiki. Diwani wa wadi ya Eastlands hugongewa mlango kabla ya jua kutoka. Huyu ana maiti City Mortuary haitoki mpaka bili ilipwe. Huyu mtoto amerudishwa shuleni kwa karo. Huyu kibanda chake Gikomba kimeungua, na Gikomba huungua mara kwa mara. Jumamosi ana harambee tatu. Akisema hana, husemwa amekuwa mtu mkubwa. Diwani wa namna hiyo akikuambia Sh. 154,481 haimfikishi tarehe kumi na tano, hasemi uwongo. Lakini dawa yake si kumwongeza posho ili agawe. Karo ina mfuko wake wa basari, hospitali zina bajeti yake, na kazi yake ni kuhakikisha fedha hizo zinamfika mtu wa Mbotela bila kupitia mfukoni mwake. Anapogawa kutoka mfukoni, yeye huitwa mkarimu, na mfuko wa umma hubaki mtupu bila mtu kuuliza.

Miji mingine hufanyaje? Hatujaja na hadithi za ng'ambo kwa mapambo, bali kwa kuwa kila mji umejaribu ufunguo wake, na mtu aweza kuona ni upi ulivunjika. Mji wa San Antonio, huko Texas, uliwalipa madiwani wake dola 20 kwa kila mkutano tangu miaka ya 1950. Ni kama ile desturi ya Nairobi ya zamani, na walioweza kukaa ni wenye mali au wastaafu. Mwaka wa 2015 wenyeji wenyewe walipiga kura wakaukata mshahara wa kweli: dola 45,722 kwa diwani, na dola 61,725 kwa meya. Wapiga kura walijua bei kabla ya kununua. Los Angeles walifanya vingine. Waliufunga mshahara wa diwani kwenye mshahara wa jaji, kwa hiyo diwani hagombani na mtu, jaji akipanda naye apanda. Ni ufunguo mzuri, ila umefungwa kwenye mti mrefu mno. Afrika Kusini wana tume inayopendekeza kikomo, na miji imepangwa kwa madaraja, ili diwani wa mji mdogo asilipwe kama wa Johannesburg. Jirani zetu Tanzania hawampi diwani mshahara. Humpa posho ya mwezi. Hapa kwetu Tume ilimpangia diwani wa Nairobi tarakimu ile ile iliyompangia wa kaunti yenye watu wachache na jangwa kubwa. Wako wanaoona hiyo ni kasoro. Sisi hatuna hakika. Wa jangwani ana mwendo mrefu kuliko wa Makadara.

Tarehe nayo ni jambo. Mwaka wa 2017 Tume ilitangaza mishahara mwezi wa Julai, na uchaguzi ulikuwa Agosti 8. Mwaka wa 2022 ilitangaza tena Julai, na uchaguzi ulikuwa Agosti 9. Hapo vyama vilikuwa vimekwisha kuteua watu. Tangazo likawa habari ya gazeti, si jambo la kumwuliza mgombea. Halafu ikaja nyongeza ya 2023, katikati ya muhula, kwa watu waliokuwa wameomba kazi kwa mshahara mwingine. Sehemu yake ya pili ilikuwa ianze Julai 2024. Mwezi wa Juni vijana waliingia njiani juu ya Mswada wa Fedha, na wengine hawakurudi nyumbani kwao. Mwanzoni mwa Julai Tume ikasema nyongeza imesimamishwa. Karatasi ile ilikuwa katika Gazeti Rasmi la Serikali tangu mwaka uliotangulia, na vyama vyote vya wafanyakazi, chetu kikiwamo, vilikuwa na muda wa miezi kumi na moja kuizuia kwa kalamu.

Basi halmashauri ya tawi imeandika barua ya maoni kwa Tume, na nyingine kwa muungano wetu pale Digo Road, na kabla hazijatiwa sahihi twataka kauli yenu. Barua ya kwanza yasema hivi. Mshahara wa diwani utangazwe kabla vyama havijateua wagombea wa uchaguzi wa Agosti 2027, na ukitangazwa ukae hivyo muhula mzima. Posho ya kikao iingizwe ndani ya mshahara mmoja, na asiyehudhuria akatwe siku yake kama tunavyokatwa sisi. Daftari la mahudhurio libandikwe kila mwezi katika ofisi ya wadi, mahali ambapo mtu aweza kulisoma bila kuomba ruhusa. Ruzuku ya gari isitolewe katikati ya muhula kwa sababu yoyote. Na ufunguo wa kufungia, badala ya jaji, uwe kibarua: mshahara wa diwani uwe mara kadhaa za kima cha chini cha Nairobi, na mwaka ambao kibarua hakuongezwa, diwani naye akae. Kuhusu mara ngapi, halmashauri haikuafikiana. Wengine wetu walisema mara tisa ziko karibu na ilivyo sasa, zitakubalika. Wengine walisema mara sita, wakiangalia mshahara wa mwalimu na wa nesi. Mama mmoja wa usafi alisema hajali ni mara ngapi mradi kamba iwe moja, kwa kuwa siku hiyo diwani ndiye atakayekwenda kumpigania kibarua mbele ya Baraza la Mishahara, hata kama hampendi. Maneno yake yameingia katika barua karibu kama alivyoyasema.

Barua ya pili ni fupi. Yauliza muungano wetu ni lini mtu anayekaa katika kiti cha wafanyakazi ndani ya Tume atakuja Eastlands kueleza anachokisema mle kwa niaba yetu, na yamwomba aje kabla Tume haijatoa mapendekezo yake.

Nakala za barua zote mbili ziko kwa katibu, mezani pale karibu na mlango. Wasiosoma vizuri wasomewe na jirani. Kila mtu aandike namba yake ya uanachama na idadi ya mara anayoiona ni haki, sita, tisa, au nyingine. Walio zamu ya usiku wapelekewe karatasi mahali pao pa kazi na wajumbe wao kabla ya Ijumaa, kwa sababu Jumatatu katibu atazipeleka kwa mkono na kurudi na mhuri wa kupokelewa.